Kilima cha Kiingereza

Muuguzi aliyetoka zamu alifumba macho kwenye kiti cha basi, lakini masikio aliyaacha wazi. Kiti cha mbele, binti mmoja alikuwa akimsomea shangazi yake ujumbe wa mchumba. Walikuwa wanakwenda kuona nyumbani kwa kina mchumba huyo kwa mara ya kwanza.

“Anasema nyumba yao iko kwenye ‘hillside’, inatazama ‘valley’, na kuna ‘stream’ karibu na mlango.”

“Yaani iko mteremkoni,” shangazi akasema, “inatazama korongo, na mvua ikinyesha maji yanapita mlangoni.”

“Shangazi nawe! Kwa Kiingereza panapendeza.”

“Panapendeza sana. Ila ndoo utaipandisha kwa Kiswahili.”

Muuguzi akauma midomo asicheke. Binti akanuna, akasema mapenzi hayaangalii mteremko.

“Magoti yanaangalia,” shangazi akajibu.

Basi likasimama chini ya kilima. Muuguzi akafumbua macho yote mawili. Mchumba mwenyewe alikuwa anashuka mbio kuwalaki, matope mpaka magotini, viatu kavishika mkononi. Binti akatabasamu hadi jino la mwisho.

Shangazi aliinama mlangoni mwa basi, akavua viatu vyake.