Mwalimu Fumba-Macho Anaacha Chumba cha Milango

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Utangulizi wa Saikolojia, mwenzetu atakabidhi funguo za maabara na kwenda nyumbani kupumzika. Jina lake kamili litasomwa kwenye sherehe. Hapa tutamwita kama anavyoitwa na chuo kizima, maana ukitaja lile la kwenye cheti hata mlinzi wa getini atakuuliza unamtafuta nani. Sema Fumba-Macho, utasindikizwa mpaka mlangoni.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kipindi cha kwanza cha kila mwaka huingia darasani bila salamu, huweka mkoba mezani na kusema, "Fumbeni macho." Wanafunzi wetu, wanaosomea uuguzi na ualimu, hutazamana, hucheka, kisha hufumba. Yeye hutoa chungwa na kulimenya taratibu. Harufu ikishafika viti vya nyuma huuliza, "Nina nini mkononi?" Wote kwa pamoja: "Chungwa!" Naye: "Nani kawaambia, na macho mmefumba?" Hapo ndipo somo linapoanza. Pua imeleta habari, huwaeleza, lakini pua haijui chungwa ni nini. Aliyesema hili ni chungwa ni ubongo. Kuhisi ni kazi ya mlangoni. Kutambua ni kazi ya mwenye nyumba aliyekaa ndani gizani, ambaye hajawahi kumwona mgeni hata mmoja, anabahatisha kwa hodi tu. Akimaliza maneno hayo hulila chungwa lote peke yake mbele ya darasa. Kwa miaka yote hiyo hajapatikana shahidi wa kipande kilichogawiwa.

Alipoajiriwa, chumba chetu cha mazoezi kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika miguu. Alikiomba, akapewa kwa sharti kwamba viti avitoe mwenyewe. Akavitoa. Akapaka kuta rangi nyeupe, akaleta mabeseni, vioo na mishumaa, akakiita Chumba cha Milango, kwa heshima ya milango mitano ya fahamu. Chenyewe kina mlango mmoja, nao mvua ikinyesha huvimba, lazima usukumwe kwa bega.

Mabeseni yake yana sifa kuliko baadhi yetu. Mwanafunzi hutia mkono mmoja kwenye maji ya moto kiasi, mwingine kwenye maji ya baridi, kisha yote miwili kwenye beseni la katikati lenye maji ya uvuguvugu. Mkono mmoja unasema haya ni baridi, mwenzake unasema ni moto, na mwenye mikono ni yuleyule. "Mikono yako mwenyewe haielewani," huwaambia, "halafu unataka kubishana na mgonjwa? Akisema anaumwa, anaumwa. Anzia hapo." Wauguzi waliopita kwenye mabeseni hayo bado wanalikumbuka neno hilo. Baadhi yetu tumelazwa mikononi mwao, na tumefaidi.

Kuna pia habari ya ubongo wa sufi. Chuo kilikuwa na ubongo mmoja wa plastiki unaofunguka vipande vipande, na kipande cha kisogoni, yaani ule ubongo mdogo unaotusaidia kusimama bila kuyumba, kilipotea. Mwingine angekaa kusubiri bajeti. Yeye alimwendea mkewe, ambaye ni fundi wa kufuma, akafumiwa kipande cha sufi ya kahawia, kikakaa sawasawa. Kilifanya kazi vizuri mno. Mwaka huo mwanafunzi mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba ubongo mdogo ni laini, una joto, na haufai kufuliwa kwa maji ya moto. Fumba-Macho alimpa nusu alama, kwa sababu, alisema, laini ni kweli.

Wala hakuwaogopa wakubwa. Mkuu wetu wa idara alipokuja kukagua vipindi alikaribishwa glasi ya juisi ya nanasi iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha yoyote. Akanywa. Akasifu utamu wa tikiti maji, akaongeza na maelezo ya jinsi matikiti yanavyopaswa kumwagiliwa. Darasa lilijiuma midomo. Alipoambiwa ukweli aliomba glasi ya pili, akafumba macho, akanywa tena, kisha akasema polepole, "Nanasi. Nimeumbuka." Tangu siku hiyo kila walipotaka kumnyang'anya mwalimu chumba hicho, mkuu ndiye aliyekitetea.

Mwaka huu wa mwisho Fumba-Macho alikuwa na ombi moja, nalo alilisema mapema, kwenye kikao cha kufungua muhula: asipunguziwe vipindi kama wanavyofanyiwa wanaokaribia kustaafu. Alitaka darasa lake la mwisho alifikishe mwenyewe hadi kipindi cha mwisho, asiliache njiani. Tulikubali wote.

Shida ilikuja kwa kunyata. Mwanafunzi anauliza kuhusu macho, anajibiwa kuhusu ngozi, tena kwa mifano mizuri. Wenye sauti nyembamba wakaacha kunyoosha mikono. Minong'ono ikaanza kwamba mzee siku hizi ana maringo, anachagua wa kumjibu.

Siku moja yaya hakufika, nami, msaidizi wa Chumba cha Milango, nikaja kazini na mwanangu mgongoni. Alikuwa anaota meno. Alilia kile kilio kinachopenya ukuta, hadi mhasibu wa chumba cha pili akaja kuchungulia kama kuna usalama. Fumba-Macho alikuwa amenipa mgongo, hatua chache tu, anachora jicho ubaoni. Akaendelea kuchora, kope moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu aliye peke yake. Alipogeuka akamwona mtoto kaachama, alishtuka. "Kumbe analia! Mbembeleze basi, Mama Kijacho." Jina hilo alinipa nilipokuwa mjamzito, na kijacho kilipokuja hakuona sababu ya kulibadilisha.

Nilimwambia palepale kwamba masikio yake yana tatizo. Akacheka. "Mwanangu, mimi hujipima kila mwaka mbele ya darasa. Masikio ya sungura haya. Njoo kesho uone."

Tukaenda kuona. Ipo mashine ya kupimia usikivu, hutoa mlio mmoja mmoja, kuanzia mzito kama ngoma hadi mwembamba kama mbu, na anayepimwa hunyoosha kidole kila anaposikia. Fumba-Macho alivaa spika za masikioni, akafumba macho kama kawaida yake, akabonyeza kitufe. Kidole kikapanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka, hadi mwisho, bila kukosea. Tatizo ni kwamba alikuwa amesahau kuchomeka waya wa zile spika. Ulikuwa unaning'inia pembeni ya meza, darasa zima likiuona. Mashine ile imetoa milio ileile kwa mpangilio uleule miaka nenda miaka rudi, na ubongo wake ulishaikariri kama mtu anavyozijua ngazi za kwao gizani. Alikuwa anasikia kimya, anakijibu kwa usahihi.

Kicheko kililipuka. Alifungua macho akadhani anashangiliwa, akainamisha kichwa kidogo kupokea sifa. "Mwalimu," nilimwambia, "waya." Aliufuata kwa macho kutoka sikioni hadi ncha yake. Kila mtu akatamani angekuwa kwingine. Naye akachukua chaki. "Andikeni," akasema. "Mtu husikia alichozoea kusikia. Mfano: mimi."

Mchana, wanafunzi walipokwenda kula, alirudi, akausukuma mlango kwa bega ukafungika, akaniomba nimpime upya, milio niichanganye nitakavyo. Nikaichanganya. Kwenye milio mizito kidole kilipanda. Ilipofika ile myembamba, mkono ulibaki juu ya goti. Nilibonyeza tena na tena, nikiuombea mkono ule uinuke. Alipofungua macho alisoma majibu usoni kwangu.

"Usimwambie mkuu," alisema. "Watanitoa kabla sijamaliza."

Ipo huruma inayoponya na ipo inayoozesha kidonda. "Sitamwambia," nilimjibu. "Utamwambia wewe, tena leo. Kuna binti anakaa pale nyuma ameacha kuuliza, anadhani unamdharau."

Hilo la binti ndilo lililomgusa. Alikaa, akazungusha spika mikononi, kisha akachukua mkoba wake akaenda ofisi ya mkuu.

Mkuu wa idara angeweza kumpumzisha siku hiyohiyo, na kanuni zingekuwa upande wake. Badala yake alimwambia, "Mimi nilikunywa nanasi nikaapa ni tikiti, na sikufukuzwa. Nenda hospitali." Alimpa wiki mbili. Akirudi anasikia, darasa ni lake hadi mwisho. La sivyo, atampisha mwenzake. Wiki hizo zilikuwa ndefu. Mwalimu wa kumpokea darasa alishaandaliwa, na binti wa nyuma alikuwa akija kuniuliza kila asubuhi kama mwalimu wao amerudi.

Alirudi siku moja kabla ya muda kwisha, vifaa vidogo vya kusaidia kusikia vikiwa nyuma ya masikio yote mawili, na asubuhi nzima alilalamika. Feni imeharibika, inapiga kelele. Tukamwambia inapiga kelele tangu mwaka juzi. Viatu vya mhasibu vinalia. Na hawa wanafunzi, kwa nini wanafunua karatasi kama wanagombana nazo? Nyumbani, mkewe, aliyezoea kumsema kwa raha zake akiwa jikoni, naye amelazimika kubadili utaratibu. Tunaambiwa siku hizi anakwenda kumsemea kwa jirani.

Jumanne iliyopita kilikuwa kipindi cha mwisho. Alilieleza darasa wazi kwamba kuna waliouliza wasijibiwe, kwamba haikuwa dharau, na kwamba anawaomba radhi. Kisha akasema leo ni siku ya madeni, aulize kila asiyejibiwa. Binti wa nyuma alisimama. Sauti yake ni nyembamba kweli, hata mimi nilitega sikio. Aliuliza: kama ubongo unabahatisha, mtu atajuaje lini umekosea?

Fumba-Macho hakumwambia arudie. Alivuta pumzi, akatabasamu hadi kwenye macho. "Peke yako hutajua, mwanangu. Ubongo ukikosea haupigi kengele. Ndiyo maana hatukuumbwa mmoja mmoja. Kaa na watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia, na wakikuambia, usiwanunie zaidi ya mchana mmoja."

Maswali yalifuatana, naye akayajibu moja baada ya jingine, kila jibu likikaa kwenye swali lake. Hakuna aliyekuja kumpokea. Alifundisha hadi kengele ikalia, na kengele aliisikia.

Mwalimu wetu, asante kwa vizazi vya wauguzi wanaomwamini mgonjwa, na vya walimu ambao hawaharakishi kumwita mtoto mkaidi kabla ya kuuliza kama anaona ubao. Asante kwa kukubali kuambiwa, maana hilo ndilo somo gumu kuliko yote uliyotufundisha. Ulitaka kulifikisha darasa mwisho, na umelifikisha. Sasa ni zamu yako kuketi. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usioingiliwa na mtu, wajukuu wenye kelele nyingi, na miaka mingi ya kuzisikia zote.