Torab Ali Mridha, Mgambo Aliyekataa Maji ya Diwani

Ndugu, majirani, na nyinyi mliokuja kuhakikisha kama kweli amekufa: karibuni. Kabla hatujasimama kumswalia, familia ya Mridha inaomba masikio yenu.

Torab Ali Mridha alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1951, hapa hapa Kolmidanga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kasem Mridha na Bibi Ayatun. Tarehe hiyo aliitaja baba yake siku ya kumwandikisha shule, na marehemu hakuiamini maisha yake yote. "Baba alitaka niingie shule mapema," alikuwa akisema. "Mtu mwenye haja yake usimwulize tarehe."

Alisoma shule ya msingi ya kijiji hadi darasa la tano. Maziwa ya unga ya msaada yalipoanza kupungua kwenye vikombe, yeye ndiye aliyemwomba mwalimu apumue mbele ya darasa, wanuse kama ana harufu ya maziwa. Alichapwa barabara. Lakini wiki iliyofuata maziwa yalitosha.

Tarehe 18 Februari 1974 alimwoa Jobeda Khatun wa Shalgaria. Mshenga alimsifia binti kupita kiasi, basi Torab akaingiwa na shaka kwamba lazima ni kiwete. Akaenda kwao akijifanya mnunuzi wa bata. Binti akatoka, akauzunguka ua mara moja polepole, akasema, "Bata hawauzwi, kaka. Na miguu yangu ni miwili, umeiona." Torab alirudi nyumbani na homa ya mapenzi.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mgambo wa kijiji, na kazi hiyo ilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Alimshuku kila mtu bila upendeleo. Aliwahi kumkamata mkwewe mwenyewe na kikapu cha samaki, akamhoji barabarani hadi samaki wakaoza.

Mwaka 2002 walikuja wapimaji wa maji. Sote tulikunywa maji ya pampu za mkono, na ikasemekana chini ya ardhi yetu kuna aseniki, sumu isiyo na harufu wala ladha. Pampu yenye sumu ilipakwa rangi nyekundu, iliyo salama kijani. Torab ndiye aliyewatembeza wapimaji nyumba kwa nyumba. Pampu yake ilipakwa nyekundu, akakubali kwa kinyongo, baada ya kudai ipimwe tena. Walipofika kwa Diwani Lutfar Molla, wapimaji waliketi barazani, wakala bisi za mchele na sukari guru, wakacheka, kisha wakachukua brashi, wakapaka kijani. Torab aliikodolea macho chupa yao ya kupimia. Ilikuwa kavu.

"Diwani, hawa hawajapima."

"Torab, wewe hata kivuli chako unakishuku!"

"Kivuli changu sikinywi."

Hapa kwetu, kukataa maji ya mtu ni kumtemea mate mlangoni. Baraza liliitishwa. Torab akaambiwa anywe glasi moja mbele ya watu, mambo yaishe. Akaipokea kwa mikono miwili, akaimwaga chini. Machi 2003 alivuliwa sare.

Mzigo wote ukamwangukia mkewe. Wanawake wenzake walichota kwa Diwani, ndiko habari zote zilikopikwa; yeye akaamriwa na mumewe kuchota msikitini Purbopara, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, kwenye pampu ya kijani iliyopimwa kweli. "Mke wa mgambo, ya huko yametiwa sukari?" walimkejeli. Na yeye mwenyewe hakumwamini mumewe hata kidogo. "Baba Shefali," alimwambia, "ukigundua umekosea, shingo yangu utanirudishiaje?" Alibeba hivyo hivyo, miaka minane, akimtukana njia nzima.

Mwaka 2010 wakaja wapimaji wengine, na hawa walichota. Pampu ya Diwani ikapakwa nyekundu. Wakati huo wanawake wengi walikwisha kutoka madoa meusi na viganja vikawa vigumu kama magome. Mama Jobeda alikaa kizingitini akavitazama vyake, laini, akalia kwa shukrani na kwa hasira. Jioni Diwani mwenyewe alikuja kuomba maji. Torab alimpa, ila alisimama pale pale hadi akamwona amemeza.

Shida ni kwamba tangu siku ile Torab hakuweza tena kukosea. Nani angethubutu kumbishia?

Aprili mwaka jana aligunduliwa ana kifua kikuu. Mhudumu wa afya, Rowshan Ara, alimletea dawa kila asubuhi na kumsimamia ameze. Tatizo lilikuwa moja tu: Rowshan Ara ni mkwe wa Diwani.

"Fungua mdomo, Baba. Umemeza?"

"Nimemeza, mwanangu."

Masikini, alikuwa akivificha vidonge shavuni, kisha anavitema chini ya kichanja cha mung'unye. Mama Jobeda alivikuta siku ya kupalilia, vingine vimeshayeyukia udongoni. Akamletea kiganjani.

"Hawa ni wale wale wa rangi ya kijani," Torab akajitetea.

"Baba Shefali, mimi nilibeba maji miaka minane kwa neno lako, na sikuliamini. Wewe kidonge kimoja kwa neno langu kimekushinda?"

Akafungua mdomo. Kuanzia hapo alimeza kila dawa kutoka mkononi mwa mkewe, bila kuuliza. Lakini mapafu yalikuwa yamekwisha. Alifariki alfajiri ya Jumamosi hii, tarehe 14 Januari 2023, nyumbani kwake.

Ameacha mjane, Bi Jobeda; watoto wawili, Shefali na Mokhles; na wajukuu watano. Kwa desturi yetu tunawaombea wafu msamaha kwa walio hai. Basi familia inamwomba radhi kila aliyeshukiwa naye bure, yaani kijiji kizima, na kwanza wewe, Rowshan Ara, uliyekuja kila asubuhi hata mvua iliponyesha.

Mama Jobeda ameomba lisomwe na hili: maji alikwisha kumsamehe zamani. Vidonge bado.

Mungu amlaze kwa amani, akimsubiri mkewe, ambaye ana la kumwambia.