Rika la Kaseti

Basi la kwenda Bunda lilikuwa linakaribia njia panda ya Butiama, na Mzee Gati hasira hazijamshuka. Vijana waliotahiriwa mwaka huu wanataka rika lao liitwe Jembe Butu, jina la kundi la muziki wa kufokafoka, eti kwa heshima ya kaseti ya kwanza ya kundi hilo!

"Jina la rika mtu anazikwa nalo," alimwambia mama mmoja wa kijiji cha Kabasa aliyekaa naye. "Sisi tuliitwaga Nzige. Mwaka ule nzige walikula nchi!"

"Na sasa hivi nani anaila, mzee wangu? Kiwanda cha pamba kimefungwa, ada za shule zimerudi, wakubwa kimya. Kaseti ndiyo ilisema. Au wajukuu waitwe Soko Huria?"

Pale njia panda wazee wenzake walikuwa wanamngoja yeye atoe jina la rika. Basi likasimama. Mzee akashuka na fimbo yake, jina hana.