Ukurasa wa Moba Haukufunguka

Mama zangu wa soko, papa mlioketi kule nyuma, nimeomba nafasi hii kwa sababu ya makofi mliyonipigia hapa Kalemie kwa ajili ya tovuti ya boti, nilipotoka Kongolo. Niliyapokea, na hayakuwa yangu.

Mnanijua. Shule niliiacha mapema, nikazunguka huku na huku nikiuliza kila kitu kinafanyaje kazi. Kutengeneza tovuti nilijifunza kwenye simu, kisha kwenye kompyuta ya kuazima. Mlipotaka tovuti ya kuonyesha boti zinaondoka saa ngapi, nilisema naweza.

Nieleze kidogo, msichoke. Nilipanga kurasa ndani ya kurasa: kwanza bandari, ndani ya bandari boti, ndani ya boti saa ya kuondoka. Lakini ndugu zangu, nawaambia, haitoshi kuandika njia ya kufika kwenye ukurasa wa ndani. Ule wa nje lazima uuachie ule wa ndani nafasi ya kutokea. Usipoiacha, anwani ya juu inabadilika, lakini macho yanaona kilekile cha kwanza. Ukurasa wa ndani upo, ila hauna pa kutokea.

Uvira niliijaribu. Kigoma vilevile. Moba niliiandika mwisho, miguu ikiwa imeshaanza kuniwasha nisafiri. Nafasi ile nikaisahau, wala sikujaribu.

Mama mmoja, simtaji, alikuwa na mama yake mzazi mgonjwa sana huko Moba. Alinikuta sokoni, begi langu begani.

"Papa, nabonyeza boti, inaniletea tu picha ya bandari."

Sikuitazama hata simu yake. "Mama, simu yako njo imezeeka. Na wewe unaiponda kama majani ya sombe kinuni!"

Watu wakacheka. Akaona haya, hakuuliza tena. Siku ya safari alishuka bandarini mchana, kama boti zilivyozoea kuondoka. Ile ya Moba ilikuwa imebadilishiwa saa, ikaondoka alfajiri, na saa hiyo mpya ilikuwa ndani ya ukurasa usiofunguka. Alipopata boti nyingine na kufika Moba, mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Habari ilinifikia Kongolo. Nikafungua Moba kwa simu yangu mwenyewe, tena mpya. Nikabonyeza boti. Picha ya bandari. Nikaketi chini palepale.

Kurekebisha kulikuwa mstari mmoja tu. Niliuandika kimya, nikajiambia yamekwisha. Kisha nikarudi Kalemie, mkanipigia makofi, na yule mama akapiga pamoja nanyi. Mikono yake ndiyo iliyonivunja. Kesho yake nilikwenda kwake.

"Mama, haikuwa simu yako. Kosa lilikuwa langu."

Aliendelea kugeuza samaki wake wadogo wa ndagala juani. Baadaye akasema, "Siku zote hizi nilizania njo kidole changu. Nilijua ni miye muntu sijui kubonyeza, njo maana sikumuzika mama."

Machozi yakanitoka.

"Unalia nini? Alikuwa mama yako?" Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Lete hiyo simu. Nionyeshe pale ulisahau."

Nilimwonyesha. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwuliza. Ila tangu siku ile hakuna ukurasa unaowafikia ninyi kabla yeye hajaufungua mpaka ndani kabisa. Juzi alikuta mmoja umekwama, akaniita mbele ya wateja wake: "Papa, kuja! Leo nani ameponda sombe?"

Ninawashukuru mlionilisha na aliyeniazima kompyuta. Zaidi namshukuru mama huyu, ambaye angeweza kunifukuza kwake. Na mtu akikuambia kitu chako hakifunguki, kifungue kwanza wewe mwenyewe, ndipo ucheke kama bado unaona cha kuchekesha. Miguu bado inaniwasha, sitawadanganya, lakini siondoki tena kabla sijajaribu njia zote.

Nimemaliza. Makofi yenu nayarudisha. Nikienda kuketi, naomba mtu asiyapige.