Usifute Ukiwa na Njaa

Wasikilizaji wapendwa, hebu wekeni sufuria chini kidogo, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka karani wa usajili wa chuo, dirisha la kwanza. Wanafunzi walimwita Mzee Ratiba. Ametutoka Jumatano iliyopita, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Moyo ulisimama akiwa amekaa kitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Mwenzake wa dirisha la pili alikaa naye ubavuni miaka kumi na minne. Marehemu alimwita Bosi, ingawa mkubwa kazini alikuwa marehemu mwenyewe. Bosi anasema: "Alikuwa na mdomo huyo! Mwanafunzi akija analia, atamwambia, 'Mwanangu, machozi dirisha la pili, hapa tunapokea fomu.' Halafu huyoo, anatoka nje, anamkalisha, anamsaidia mpaka mwisho."

Na waliolia walikuwa wengi. Ukurasa wa usajili kwenye mtandao wa chuo ulikuwa orodha ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Mwanafunzi anachagua masomo, hajui kwamba mawili yanafundishwa saa ileile. Anakuja kushtuka muhula umeshakolea.

Mzee Ratiba aliijua shubiri hiyo. Akiwa na miaka ishirini na mmoja, masomo yake mawili yaligongana, Jumanne saa nne. Akaenda huku, akakosa kule, akafeli. Siku ya matokeo hakuwa ametia kitu tumboni. Akashika kalamu, akakata jina lake mwenyewe kwenye daftari la chuo.

Dada yake mkubwa anakumbuka: "Nilimpakulia. Aliposhiba akaniangalia, akasema, 'Dada, nimefanya ujinga.' Akatoka mbio. Akakuta dirisha limefungwa. Kesho yake nafasi kapewa mwingine."

Basi ukubwani akajifunza kompyuta, akidonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku. Akatengeneza programu ndogo ya kubandika kwenye kivinjari, kile cha kufungulia kurasa za mtandao. Ukifungua ukurasa wa usajili, ile orodha inageuka wiki nzima ya visanduku. Masomo yakigongana, visanduku vinakuwa vyekundu.

Toleo la kwanza lilisahau Jumamosi. Karani hafanyi kazi Jumamosi, akadhani dunia nayo imelala! Wanafunzi kumi na wawili wakakosa maabara. Akapita mabwenini, mlango kwa mlango, akiomba radhi.

Humo ndani aliweka na swali. Ukibonyeza kufuta somo, au kufuta jina, linatokea: "Umekula? Umelala? Kama bado, rudi kesho." Wanafunzi walicheka sana. Lakini walirudi kesho, na wengi hawakufuta.

Miaka mitatu iliyopita Bosi akamchokoza: "Wenzako unawapangia safari, wewe mwenyewe umeganda stendi." Likamwingia. Akajisajili. Ndiyo, wasikilizaji, akajisajili akiwa na miaka hamsini, akaanza upya mwaka wa kwanza. Akasoma hadi likabaki somo moja. Somo moja tu apate shahada yake. Na ratiba, kwa utani wake, ikalipanga Jumanne saa nne.

Ijumaa, siku mbili baada ya msiba, Bosi akapewa agizo: jina la marehemu liondolewe kwenye orodha. Akafungua ukurasa. Akabonyeza kufuta. Swali likatokea.

"Nikamjibu kwa sauti," anasema. "Nikamwambia, 'Sijala, Mzee.' Nikazima kompyuta, nikaenda zangu."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, ile siku aliyoisahau Mzee Ratiba. Ofisi imefungwa. Bosi akaomba ufunguo kwa mlinzi, akaingia peke yake.

"Nilikuwa nimekula," anasema. "Usingizi nao nilipata, kidogo. Sikuwa na kisingizio kingine."

Akabonyeza. Kisanduku cha Jumanne saa nne kikawa cheupe.

Dada mkubwa, pole sana. Ulimpakulia, ulifanya lako. Bosi, pole, mkono wako haukukosea. Na nyinyi mliowahi kusimama dirisha la kwanza, poleni nyote. Mungu ampe pumziko jema.

Leo ni Jumanne, wasikilizaji wapendwa, na saa nne imepita hivi punde. Huenda nawe umeshika kalamu unataka kukata kitu: masomo, ndoa, ndugu, au jina lako mwenyewe. Iweke chini kwanza. Kuna chakula hapo nyumbani?