Mtihani wa Basi Lililojaa

Basi la kutoka Mikumi liliposimama mtoni, Mzee Mwinshehe aliinuka ashuke. Ilikuwa desturi gari livuke tupu, abiria wafuate kwa miguu. "Usishuke, babu," alisema Donati, mwanafunzi wa uhandisi. "Daraja hili jipya tumelijenga na wanakijiji, ndilo mtihani wetu wa chuo kikuu. Sharti livukwe na basi lililojaa."

"Wenzako hufanya mtihani kwa kalamu, wewe unaufanya kwa roho yangu?"

Raheli, ambaye mumewe alichukuliwa na mto huo masika ya mwaka jana, alimgeukia dereva akasema, "Ndugu dereva, twende. Mimi sishuki."

Mbao zililia, lakini zilistahimili. Walipofika ng'ambo, Raheli alipiga kigelegele chake cha kwanza tangu msiba, na basi zima likamwitikia. Liliposimama, mzee alishuka akinung'unika, "Hiyo ni kwenda. Kurudi je?"