Karani Dabaso na Njia ya Maksai Kwenda Mtoni

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika Wenje leo, tarehe 4 Machi 1957, marehemu Yosia Dabaso alizaliwa hapa hapa mwaka 1919, mto ulipofurika, ingawa ofisi ilimwandikia tarehe 1 Januari, siku ambayo kwa makaratasi ya serikali nusu ya kijiji hiki ilizaliwa.

Alisoma shule ya misheni Ngao, 1930 hadi 1935, mwaka 1943 akaajiriwa Garsen kuwa karani wa mizani ya ng'ombe wa nyama, na tarehe 14 Desemba 1946 akamwoa Asenath, wakajaliwa binti mmoja, Kadii.

Mwaka 1955 kambi ya maksai ilihamishwa maili saba kutoka mtoni, kwa kuwa ramani ilionyesha ziwa, nalo ziwa hukauka kila Januari, na maksai, wasiojua kusoma ramani, wakawa wanakwenda Tana kunywa na kurudi. Marehemu aliwapima, akaona waliobaki mtoni wananenepa, na wa kambini, kwa majani yale yale, wanapungua ratili ishirini kwa mwezi, akaandika barua tatu kueleza kwamba ng'ombe hula kwanza ili aishi, kisha ili atembee, na nyama hupata kinachobaki, kwa hiyo kambi irudishwe. Ofisi ilidhani wachungaji wanaiba majani yaliyokatwa kwa ajili ya maksai, ikamtaka karani afuatane na maksai mwezi mzima athibitishe.

Alifuatana nao kiangazi hiki, kwa miguu. Rafiki yake Molu, mchungaji, alimsihi apande punda, akajibu kwamba punda hakutajwa kwenye barua ya ofisi. Asenath, akimtobolea mkanda tundu jipya, alimwuliza, Baba Kadii, na wewe nani anakupima, naye marehemu akacheka, akasema yeye si ng'ombe wa nyama.

Tarehe 9 Februari alianguka njiani kwa homa, Molu akambeba mgongoni maili nne hadi zahanati, baadaye tukamleta nyumbani, na Jumamosi tarehe 2 Machi, alfajiri, alifariki mikononi mwa Asenath.

Jana Molu alituletea barua iliyofika Garsen Ijumaa, kwamba kambi irudishwe mtoni, na karani Dabaso athibitishe kuipokea kwa sahihi yake. Asenath ameikunja, ameitia mfukoni mwa shati alilovaa marehemu, bila sahihi.

Tunamshukuru dresa wa zahanati, majirani, makarani wenzake, na Molu, ambaye mgongo wake tutaukumbuka.

Pumzika, Baba Kadii, mto uko hapa karibu, hutembei tena.